Asiyetamka Pamoja Nami

12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni mafua tu yananiandama kama mgeni asiyejua kuaga, lakini nafundisha. Natumaini barua hii inakukuta mzima na sauti yako bado inatisha watu pale mnadani. Mama je? Goti bado linamsumbua? Mwambie shuka aliyonitumia ndiyo ninayojifunika, na kwamba nakula vizuri, hata kama hataamini.

Dereva wa lori amekubali kutubebea barua. Siku hizi za posta zinafika zimefunguliwa na kugandishwa upya, na gundi yao ni mbaya. Kwa hiyo ukiona kimya, jua lori limeharibika mahali. Usijitie wasiwasi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua watoto wetu hapa wote ni viziwi, na kwa sababu hiyo tulikuwa tumesahauliwa. Kiapo cha Utii kinasomwa kila asubuhi kwenye mabenki, mahospitalini, hata magerezani nasikia, lakini kwetu hakuna aliyekuja kukidai. Nani atamdai kiziwi sauti? Basi wametukumbuka. Waraka umekuja kwamba Kiapo kisomwe kwa lugha ya alama, watoto na walimu, na Mkaguzi atakuja kujionea kabla shule hazijafungwa katikati ya mwaka. Mwalimu Mkuu kaniita ofisini, kanipa kazi ya kukigeuza kiwe alama, kwa kuwa anasema mimi ndiye mwenye mikono safi kuliko wote hapa.

Mikono hii alinipa Kiduchu. Nilijua kuongea na mdogo wangu kwa vidole kabla sijajua kuandika jina langu. Na wewe unajua, na mimi najua, walimshusha kwenye basi pale kwenye kizuizi cha barabarani walipokuwa wanawasomesha abiria Kiapo hicho hicho, na tangu siku hiyo hatujamwona. Leo nichukue mikono aliyonipa niwafundishe wengine maneno yale?

Nimekataa, mjomba. Sikupiga kelele. Nilisema siwezi. Mwalimu Mkuu akadhani nasema kazi ni ngumu, akaniongezea muda. Kila asubuhi mwalimu mwingine anababaisha mbele ya ukumbi, na mimi nasimama pembeni, mikono imeshuka. Bado hawajanigusa. Nimeona nikwambie mapema.

Wako,
Mpwa wako

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mafua hayo ni ya kukosa mume wa kukuchemshia maji. Nimesema, na sitarudia mpaka barua ijayo.

Huku tu wazima. Bati la jikoni limeng'oka upande mmoja, kila upepo ukija linapiga makofi. Mama yako goti lake linatabiri mvua kuliko redio. Bado jioni anamjazia Kiduchu ndoo ya kuoga, na asubuhi anaimwaga kwenye maua. Maua yamestawi mno, majirani wanaomba mbegu. Mimi simwambii kitu. Popote alipo huyo kijana, maji yake yapo.

Barua yako nilimsomea, ila niliruka pale katikati. Nilitia maneno yangu, eti umeota jino la mwisho na linauma. Kwa hiyo ukiandika, linaendelea kuuma, usinisaliti.

Sasa nisikilize. Kichwa kigumu umekirithi kwa mama yako, si kwangu. Mimi ndiye ninayeongoza Kiapo mtaani, wajua hilo. Sikuomba. Mjumbe ana sauti ya mbu, akanikamata mkono akaniambia, Kipaza, wewe anza, sisi tutafuata. Na sheria ni kwamba watu wakikusanyika, iwe harusi, iwe msiba, hawakai kabla Kiapo hakijasomwa. Kwa hiyo nimekisoma mpaka kimeota fangasi. Unadhani nikisema huwa nasema? Mdomo unakwenda, mimi nawaza chakula cha jioni. Hakuna aliyekufa kwa kusema maneno.

Mikono ni mikono tu, ichezeshe. Kwani umesahau? Kiduchu mwenyewe nilimfundisha. Kwenye gwaride nilikuwa namweka karibu nami, namwambia atazame midomo yangu naye achezeshe yake, asije akaonekana kasimama kama gogo. Alikuwa hodari yule mtoto! Ukimtazama ungeapa anasema. Tukirudi nyumbani tunacheka mpaka tunashika mbavu. Basi nawe fanya hivyo. Umeajiriwa kufundisha, hukuajiriwa kufungwa.

Mjomba wako,
Kipaza

24 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Jino linauma, mwambie mama, na ute mweupe wa yai haujasaidia. Mume bado hajapatikana.

Umenichekesha, na nilikuwa na haja ya kucheka. Lakini ushauri wako haufai hapa, ngoja nikueleze. Nyinyi wenye kutumia sauti mnaweza kujificha. Watu elfu wakisema pamoja, mmoja akinung'unika nani atajua? Hapa hakuna kunung'unika. Mtoto akikosea kidole kimoja, ukumbi mzima umeona. Mikono inayochezeshwa ovyo kwetu ni kelele, watoto wataniuliza mara moja, mwalimu unasema nini? Nitawajibu nini?

Na nimekisoma Kiapo pole pole, neno kwa neno, jinsi unavyolazimika kukisoma ukitaka kukigeuza. Wewe umekisoma mpaka kimeota fangasi, hebu kisikie tena. Asiyetamka pamoja nami si mwenzangu, wala sitamlilia. Nisimame mbele ya watoto ambao hawajawahi kutamka neno tangu wazaliwe, niwafundishe kusema kwa mikono yao kwamba asiyetamka si mwenzao? Wajitoe wenyewe duniani, tena kwa furaha, na mimi nikiwasahihisha vidole? Siwezi. Sio ukaidi. Nikijaribu mbele ya kioo, mikono inafika kwenye mstari ule na kushuka yenyewe.

Kuna jambo jingine, sijui kama nikwambie. Ukumbi wetu una sakafu ya mbao. Hapa ukitaka kumwita mtu aliyekupa kisogo unapiga mguu, anausikia kwenye nyayo. Kila mtu ana namna yake. Unaikumbuka ya Kiduchu, alikuwa anapiga mara mbili halafu anaburuta kisigino. Tangu waanze kusoma Kiapo ukumbini, kila wakifika mstari ule naisikia chini ya viatu vyangu. Mara mbili, na kisigino. Nilijiambia ni uchovu. Lakini juzi kuna msichana mgeni darasani kwangu, hana hata mwezi hapa, aligeuka nyuma, akatafuta, akaniuliza kwa mikono: nani anaita?

Nyuma yake ulikuwa ukuta.

Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu,

Mambo ya sakafu kuita watu hatuyaandiki kwenye barua. Mimi siamini vitu hivyo. Lakini nimehamishia kitanda changu ukuta wa pili, kwa sababu ya joto.

Mama yako amemtuma mtoto wa jirani akanunue karafuu za jino lako. Nimezitia kwenye bahasha, zitafune basi, zisipotee bure. Bati nimelipigilia, limeng'oka tena.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nikiwa mnadani nainua koti juu, watu wanangoja niseme, na mimi nawaza vidole vya watoto wako. Nataka nikuulize kitu, na ukijibu usinijibu kwa hasira. Hao watoto watakua. Watapanda mabasi. Vizuizi havijaondolewa, vimeongezwa. Askari atamwambia mmoja wao, soma. Atafanyaje? Wewe umesimama pembeni na dhamiri yako safi, vizuri, nakuheshimu. Lakini mtoto amesimama barabarani mikono mitupu, na mtu mwenye bunduki hajui kama huyu ni kiziwi au ni jeuri.

Kama Kiduchu angekuwa na maneno hayo mikononi siku ile. Kama kungekuwa na mwalimu aliyemfundisha alama zile, na karatasi ya serikali inayosema hiki ndicho Kiapo cha viziwi. Sisemi zaidi.

Wewe usiseme, kama umeamua. Lakini wao wape. Si lazima wayaamini. Wape tu kama unavyompa mtoto mwavuli.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Karafuu nimezipata, nimezitafuna, na jino ambalo haliumi limepona kabisa. Mbusu mama.

Umenishinda. Nilikukasirikia siku kadhaa, nikatembea uwanjani nikikujibu peke yangu mpaka mpishi akaniuliza kama nina homa. Kisha nikakigeuza Kiapo. Nimewafundisha. Kabla ya kuwafundisha niliwakalisha chini, nikawaeleza kila mstari una maana gani, pamoja na ule mmoja. Nikawaambia, haya ni maneno ya kupitia barabarani. Barabarani yatoeni kwa askari. Mahali pengine kila mtu ajiulize mwenyewe kama anayataka. Mkubwa wao akauliza, na wewe unayataka? Nikasema hapana. Hawakuuliza tena, wakaanza kujifunza. Wamekuwa wazuri kupita kiasi. Mimi nawaongoza darasani mstari mmoja mmoja, kama somo, lakini asubuhi ukumbini, wanapoapa, mikono yangu iko chini.

Sasa nakuomba ukae.

Yule msichana niliyekwambia, aliyegeuka, mama yake anauza vitambaa, anazunguka miji kwa basi. Alikuja kumwona mwanawe. Nilimwambia tumeanza kuwafundisha watoto Kiapo, akashika uso kwa furaha, akasema ndiyo sababu hasa alimleta hapa. Nikamuuliza sababu gani. Akaniambia aliwahi kuona kijana akishushwa kwenye basi. Yeye alikuwa amekaa kiti cha jirani. Hakujua mimi ni nani, mjomba. Alieleza tu, kama mtu anavyoeleza ajali. Kijana mrefu, alisema, mpaka alikuwa anainama ili asigonge dari, shati lake limerekebishwa mikono kwa kitambaa cha rangi nyingine. Shati hilo nalijua, nililishona mimi.

Askari walipanda wakasema someni. Wote wakasoma. Kijana aliweka mkono kifuani, akatazama midomo ya abiria wa upande wa pili, akachezesha yake. Vizuri kabisa, anasema, ungeapa anasema. Askari akakaribia akatega sikio, hakusikia kitu. Akamwambia apaze sauti. Kijana akaendelea. Askari akamwambia tena. Akaendelea, akawa anatabasamu sasa, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama na alidhani anafanya vizuri. Askari akageuka kwa mwenzake akasema, huyu anatudhihaki.

Wanamshusha, bado anachezesha midomo. Huyo mama anasema alitazama dirishani mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa pale pale, nyuma ya magunia ya mchanga. Basi lilikuwa halijaondoka.

Nimeandika kwa sababu mtu wa kumwambia ni wewe tu. Sikuandika kwa sababu nyingine yoyote. Tafadhali unielewe hivyo.

Mpwa wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Lori limepita mara nyingi, na dereva anasema kila mara anasimama kwako na unamwambia bado hujaandika. Nimemwuliza kama unaumwa, anasema unatembea. Nimemwuliza kama mama anaumwa, anasema alimwona akimwagilia maua.

Basi kama ni hasira, nitukane. Kama ni lile nililoandika, mjomba, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka zile sherehe za gwaride. Nakumbuka alivyokuwa anafurahi kusimama na wewe. Alikuwa anakuchagua wewe kati ya watu wote wa uwanjani. Hakuna aliyemtendea vizuri kuliko wewe. Nimeandika hivyo na nasema hivyo.

Mkaguzi atakuja mwishoni mwa Juni. Mwalimu Mkuu amenifuata mpaka chumbani, akakaa kitandani pangu, akalia. Anaogopa shule itafungwa. Nimemwambia watoto watasoma bila kosa hata moja, shule haitafungwa kwa ajili yangu. Mimi ni mtu mmoja, wanichukue mimi. Akasema hujui unachosema. Labda.

Niandikie, hata mstari.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Mvua zimekuwa nyingi. Bati limeondoka kabisa, tumelikuta kwa jirani wa tatu. Mama yako anapikia sebuleni, moshi unamtoa machozi na anasema ni moshi. Kazini niko, lakini sauti imenikauka. Daktari ameangalia kooni na taa, anasema hakuna kitu, koo zima kama la ng'ombe. Mnadani wamemweka kijana mwingine kwa muda, mimi nainua nguo, yeye anapiga kelele.

Barua yako ya Aprili ilifika.

Yule mama anayeuza vitambaa, kama atarudi kumwona mwanawe, mwambie kuna mtu anamshukuru kwa kuwa hakugeuza uso. Kwamba angalau kulikuwa na mtu dirishani. Usimwambie ni nani.

Mama yako sijamwambia. Kila nikitaka, ananiuliza habari ya jino lako.

Habari ya Mkaguzi nimeisoma. Zamani ningekuwa na ushauri. Sasa kila ninaloanza kukushauri naliona linatoka na miguu yake linakwenda mahali nisipotaka. Fanya unavyoona. Lakini uwe hai, mpwa wangu. Kama kuna njia ya kukataa na kuwa hai, itafute hiyo.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mwambie mama kwamba jino limeng'olewa, asihangaike tena.

Mkaguzi amekuja, na nataka uyapate kutoka kwangu kabla hujayapata kwa watu.

Ni mtu mzima, mnene, mpole wa sauti, kavaa suti ya kijivu. Tulikuwa tumengoja mtu wa kutisha. Alikaa mbele, akavua miwani, watoto wakasoma. Mjomba, walisoma vizuri! Mikono yote kwa pamoja, mpaka wale wadogo kabisa. Mkaguzi alitokwa machozi. Kweli, alijifuta kwa leso. Wakafika mstari ule, na chini ya miguu yangu nikasikia mara mbili, na kisigino, kwa nguvu kuliko siku zote, mbao zikatikisika. Safu mbili za nyuma ziligeuka kutazama. Safari hii sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa chakulani.

Walipomaliza, Mkaguzi akanitazama. Akamwuliza Mwalimu Mkuu, huyu naye ni kiziwi? Mwalimu Mkuu akasema hapana, anasikia, ndiye aliyewafundisha. Mkaguzi akafurahi, akasema basi na asome kwa mdomo, tumsikie.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalinitoka. Nilisema haya tu: "Ndugu yangu aliambiwa ayaseme na hakuweza. Mimi naweza, na sitayasema."

Akaniambia kwa upole kabisa nifikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri tangu Januari. Akaniuliza kama nalichukia taifa. Nikasema silichukii, mimi nafundisha watoto wake. Akaandika kidogo, akafunga kalamu. Shule imepita ukaguzi. Amewasifu sana watoto, amesema atapeleka habari zao juu. Mimi nimeambiwa niripoti Jumatatu kwenye jengo lao nyuma ya mahakama, nichukue nguo za kubadilisha na nisichukue vitabu.

Ninaogopa. Nimekaa hapa nakunja nguo, nazikunjua, nazikunja tena. Sikutaka kuwa jasiri, nilitaka kufundisha hesabu. Mkubwa wa watoto alikuja mlangoni akaniuliza kwa nini nisitoe tu yale maneno ya barabarani, kwani si hapa ndipo barabarani? Nilimwambia kuna mtu mmoja ambaye ukimya wake walisema ni ukaidi, na nikiyasema leo nitakuwa nimewakubalia. Alifikiri, akatikisa kichwa, akanisaidia kufunga begi. Sijui kama alinielewa.

Mwambie mama sasa. Mwambie yote.

Mpwa wako

21 Agosti

Mpwa wangu,

Mjomba wako anakusalimu, na mama yako, na nyumba nzima isiyo na bati. Dereva anasema kuna mpishi anayeingia humo ulimo, na kwamba karatasi nyembamba inapita ndani ya mkate. Ndiyo sababu naandika herufi ndogo hivi. Hatujapata neno lako tangu Juni. Tumekuja mara mbili, wanatuambia hawana mtu kama huyo, halafu wanapokea sabuni tuliyokuletea. Kwa hiyo tunajua upo.

Nilimwambia. Nilimkalisha mama yako nikamsomea barua zako zote, bila kuruka wala kutia maneno yangu, na hata pale kwenye habari za gwaride nilisoma. Aliniomba nirudie ya basi. Nikarudia. Akauliza, alikuwa anatabasamu? Nikasema ndiyo, imeandikwa hivyo. Akasema, "Basi mwanangu alikufa." Neno hilo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba hii. Kisha akanigeukia, nikadhani sasa atanifukuza, maana yeye naye alikuwepo tulipokuwa tunacheka. Akaniambia, ita watu, tumlilie.

Tukaweka msiba. Msiba bila maiti, wa mtu aliyeondoka zamani. Watu walikuja, uwanja ukajaa, wengine walidhani ni wewe. Na sheria unaijua. Mjumbe akaja na beji yake, akaninong'oneza, Kipaza, sauti imerudi? Nikamwambia imerudi. Ilikuwa imerudi kweli, asubuhi ile ile. Nikasimama, watu wakasimama, nikaweka mkono kifuani kwa mazoea. Nikavuta pumzi. Dada yangu alikuwa amekaa chini mkekani, peke yake hakusimama, na alikuwa ananitazama midomo.

Ndipo nikakisikia Kiapo kile. Wala sitamlilia. Nimeita watu waje kumlilia mtoto wetu, halafu niwaongoze kuapa kwamba hatutamlilia.

Sikufungua mdomo, mpwa wangu. Wala sikuuchezesha. Niliuacha umefungwa, nikakaa chini. Mjumbe akaanza mwenyewe na ile sauti yake. Sitakudanganya, wapo waliomfuata, mwenye duka na mkewe walisoma mpaka mwisho kwa macho yaliyofumbwa. Wengi walitazama miguu yao. Halafu mama yako akaanza kulia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wanawake wakamfuata, na Mjumbe akamezwa humo hatukumsikia tena.

Jina langu limepelekwa. Nimeitwa Alhamisi. Nina woga mkubwa kuliko wako. Lakini nitakwenda.

Nilipokuwa nafunga barua hii nilimwuliza mama yako kama ana neno la kukuambia. Akasema, "Mwambie nataka arudi nyumbani. Mwambie asiyaseme." Nikamwuliza, yote mawili? Akasema, andika hivyo hivyo.